Paka na Mpaka: Namna ya Kuamua Matibabu ya Paka Aliye Mahututi

"Naona tumlaze," daktari aliniambia kwenye simu, Jumanne saa nne asubuhi.

Nikamjibu papo hapo, "Sawa daktari, mlaze. Atakaa siku ngapi?"

Simu ikanyamaza. Nikasikia ng'ombe akilia upande wa pili, maana alikuwa zizini kwa mtu. Halafu akasema taratibu, "Mama, sikuwa na maana ya kumlaza wodini."

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Paka mwenyewe alikuwa akiitwa Kashata, dume la miaka kumi na mitatu, rangi ya sukari iliyoungua, na figo zake zilikuwa zinakwisha. Daktari alikuwa anazungumzia sindano ya mwisho, na siku ile nilikata simu bila kujibu. Sikumkasirikia daktari. Nilikuwa nimeulizwa swali ambalo sijawahi kukaa nikajiuliza mwenyewe, na anayeulizwa hivyo hujibu kwa kilio, si kwa akili. Nimefuga paka tangu niolewe na nimeuguza wanane. Haya ninayoyaandika si maneno ya daktari. Ni ya mtu aliyekesha na bomba la sindano na daftari, akakosea, akarudia.

1. Angalia kwanza kama una muda wa kufikiri

Maradhi mengine yanakupa wiki nzima ya kukaa barazani na kushauriana. Mengine hayakupi hata nafasi ya kubadili kanga. Ukiona mojawapo ya haya, acha kusoma, ita bajaji:

- Dume anaingia na kutoka kwenye mchanga wake, anajikamua, analia, na mkojo hautoki au yanatoka matone tu. Njia imeziba. Saa 24 za mwanzo ndizo za kumwokoa. Ukingoja siku ya pili na ya tatu, sumu inapanda kwenye damu na moyo unasimama.
- Anahema mdomo wazi. Mbwa akihema hivyo ni joto la Tanga. Paka akihema hivyo ametulia mahali pamoja, ni hatari.
- Miguu ya nyuma imekufa ghafla, imekuwa ya baridi, na analia kwa maumivu. Mtaani watasema kagongwa na bodaboda, au kuna mkono wa mtu. Mara nyingi ni donge la damu lililotoka kwenye moyo mgonjwa likaziba mshipa mkubwa.
- Fizi zimekuwa nyeupe kama karatasi, au za njano, au za kijivu.
- Siku mbili hajatia kitu mdomoni, hasa kama ni mnene. Paka mnene akishinda njaa, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini, na ini likagoma. Hapo ulikuwa na ugonjwa mmoja, sasa unao miwili.

Na wakati unangoja usafiri, mikono yako iwe mbali na kabati la dawa. Paka wangu wa kwanza, Kidoti, nilimuua mwenyewe. Alikuwa na homa, nikavunja nusu ya Panadol, nikaisaga kwenye maziwa kama ambavyo ningemfanyia mtoto. Jioni uso ulikuwa umevimba na fizi zimegeuka rangi ya udongo. Alfajiri alikuwa amekauka chini ya mtungi. Baadaye sana ndipo nikaelezwa kwamba ini la paka haliwezi kuivunja paracetamol, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumwua paka mzima. Ibuprofen na diclofenac nazo usizisogeze. Dawa ya kupe ya ng'ombe pia, hata mtu akwambie ni tone moja tu kwenye ndoo: nyingi zina sumu za jamii ya permethrini, ambazo ng'ombe anazistahimili na paka zinamtia degedege.

2. Tafuta jina la ugonjwa, lakini usinunue kila kipimo

Huwezi kuamua juu ya kitu usichokijua jina. "Anaumwa tumbo" si jina.

Mkoa wetu ni wa ng'ombe wa maziwa, na wengi wanaotibu mifugo hapa mikono yao imezoea ng'ombe. Si kosa lao. Ila jua unaongea na nani. Bwana mifugo atamchanja paka wako, atamsafisha kidonda, atampa dawa ya minyoo, na wengine ni hodari kweli. Daktari wa mifugo ni aliyesomea shahada na kusajiliwa na Baraza la Veterinari. Kwa ugonjwa mzito mtafute huyu wa pili, na muulize waziwazi kama ametibu paka wenye tatizo hili. Anayekasirika kwa swali hilo, mshukuru, endelea mbele.

Kashata alipimwa damu, na kretinini, ile taka ambayo figo hutakiwa kuichuja, ilikuwa juu. Daktari akanieleza jambo ambalo lilinikata maini: kipimo hicho hupanda pale ambapo figo zimeshapoteza takribani robo tatu ya kazi yake. Maana yake, kule kunywa maji ndoo nzima na kukojoa kila saa, ambako mimi nilikuwa nakuita joto la Februari, ilikuwa ni figo zinazoaga.

Kabla ya kila kipimo uliza hivi: "Jibu likija hivi tutafanya nini, na likija vile tutafanya nini?" Kama majibu yote mawili yanakupeleka kwenye dawa ileile, fedha yako ibaki mfukoni. Nilikatalia kipimo kimoja kwa swali hili, na daktari mwenyewe akacheka, akasema kweli mama.

Kuna vipimo na upasuaji ambao utaambiwa ufuate Dar es Salaam, au hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kote huko ni zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Paka anayetapika, kwenye basi, saa sita au zaidi! Safari hiyo ihesabu kama sehemu ya matibabu, yenye maumivu yake. Uliza kwanza kama damu inaweza kusafirishwa paka akabaki nyumbani, na kama daktari wako anaweza kumpigia mwenzake wa huko, amtumie picha na majibu kwa WhatsApp. Mara nyingi inawezekana, ila hakuna anayekwambia usipouliza.

Kama huna kibebeo cha dukani, tenga la kuku linatosha. Tandika kanga uliyoivaa jana, isiyofuliwa, ili anuse harufu yako, kisha funika juu na nyingine. Paka asiyeona nje hulia kidogo.

3. Jua uko kwenye fungu gani

Ukishapata jina, muulize daktari ugonjwa huu ni wa fungu lipi katika haya matatu. Mimi nayaita ya kupona, ya kuishi nayo, na ya kusindikizwa.

Ya kupona: jipu la kung'atwa, mkojo ulioziba uliowahiwa, minyoo, kichomi. Humo pia imo saratani ya ncha za masikio ya paka weupe, kama imewahiwa. Hii naisema kwa sauti kwa sababu huku pwani jua letu halina huruma na paka weupe tunao wengi. Inaanza kama ukoko mdogo kwenye ncha ya sikio, unabanduka, unarudi, kila mtu anasema kapigana. Ikikatwa mapema, paka anabaki na masikio mafupi na maisha yake yote. Ikiachwa mwaka, inakula uso.

Ya kuishi nayo: figo ambazo hazijafika mwisho, kisukari, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Hapa mara nyingi haponi, lakini anaweza kupata miezi au miaka mizuri kama kuna mtu wa kumpa dawa kila siku.

Ya kusindikizwa: saratani iliyosambaa, figo zilizofika ukingoni, moyo uliojaza maji kifuani kwa mara ya tatu. Kazi hapa ni kuondoa maumivu, kichefuchefu na hofu.

Mafungu haya hayana kuta za zege. Kuna homa ya kuambukiza ya paka inayojaza maji tumboni, FIP, ambayo miaka ya nyuma ilikuwa hukumu ya kifo moja kwa moja. Tangu 2019 imejulikana kuwa dawa iitwayo GS-441524 inaponya wengi wao, kwa kawaida kwa matibabu ya siku 84. Imehama fungu. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema "ugonjwa huo hauna dawa", uliza alisoma lini. Kwa upande wa pili, kuwa na dawa duniani si kuwa na dawa Tanga, na bei yake ikishafika hapa ni hesabu nyingine kabisa.

4. Hesabu pesa, halafu hesabu mikono

Pesa nitaipitia haraka kwa sababu kila mtu anajua mfuko wake. Omba makadirio ya mwezi mzima, si ya leo tu. Kisha taja kiwango chako kwa daktari bila haya: "Nina laki na nusu, tunafanyaje?" Daktari akijua kiwango anaweza kupanga, asipojua, anakuanzia pa juu na unaishia katikati. Ada ya mtoto haiguswi. Anayekwambia kumpenda paka ni kukopa, mwombe akukopeshe yeye.

Mikono ndiyo watu wanayosahau. Kisukari kinataka sindano ya insulini kila baada ya saa 12, Idi na Krismasi, na insulini inataka friji, na friji inataka umeme usiokatika. Dripu ya figo inataka mtu wa kumshika na mtu wa kuchoma. Nani atakuwepo ukienda msibani Pangani siku tatu?

Waite wote wa nyumbani. Kwetu nilimwita mume wangu, binti yangu na shangazi, ambaye alikuwa akisema "paka tu huyo" tangu siku ya kwanza. Kila mmoja aseme atafanya nini, si anajisikiaje. Mume wangu alisema, "Mimi kuchoma siwezi, ila nitamshika." Binti akachukua kazi ya mchanga. Shangazi akasema hafanyi lolote, halafu usiku nikamkuta anamchambulia kibua miiba. Hesabu kinachofanywa.

5. Weka mpaka kabla hujaanza

Nikiombwa nibakize hatua moja tu katika hizi zote, ningebakiza hii. Utashangaa jinsi mtu unavyosogea. Leo unasema akiacha kula basi. Kesho ameacha kula, unasema ngoja tujaribu samaki wa tuna. Keshokutwa amekula kijiko kimoja cha tuna, unamwita jirani aje aone. Kila siku unaihamisha fensi hatua moja, na anayebeba gharama ya kuhama ni mgonjwa.

Kwa hiyo kaa chini siku ambayo paka ana nafuu na wewe hujalia. Chukua karatasi. Andika mambo matatu yanayomfanya yeye kuwa yeye. Usiandike "ana furaha". Andika kitu kinachoonekana kwa macho. Ya Kashata yalikuwa haya:

Kwenda mlangoni akisikia kengele ya baiskeli ya muuza samaki. Kupanda meza ya cherehani na kulala juu ya vipande vya kitambaa, hasa satini, hasa ya mteja. Kujilamba baada ya kula, kuanzia mguu wa kulia.

Chini yake nikaandika: *Mawili kati ya haya yakipotea siku tatu mfululizo, au akishuka chini ya kilo mbili na nusu, au akikaa siku mbili bila kula ingawa amepewa dawa ya kichefuchefu, namwita daktari nyumbani.* Nikatia tarehe. Mume wangu akatia saini, kwa mzaha, lakini alitia. Karatasi nikaibandika ndani ya mlango wa kabati.

Matibabu nayo yape mpaka wa siku. Usianze dripu "tuone". Anza dripu "siku kumi, halafu tunapima tena". Nilimpigia daktari Alhamisi ile nikamwambia, "Kumlaza bado. Naomba siku kumi." Akasema siku kumi ni ombi la haki. Hizo siku kumi zilizaa wiki saba.

6. Fungua daftari

Kumbukumbu ya mtu anayeuguza haiaminiki. Akila asubuhi unasahau alitapika usiku. Andika kila siku: alichokula, maji, mkojo, kutapika, na mambo manne yafuatayo.

*Uzito*, kila Ijumaa. Nilikuwa namweka kwenye kikapu na kumpeleka kwenye mizani ya Mpemba wa dukani, ile ya kupimia mchele. Mpemba hakuwahi kuuliza. Aliweka kikapu kitupu kwanza, akasoma, kisha kikapu na paka, akatoa, akaniandikia kwenye kipande cha karatasi ya sukari kama anavyoandika deni. Kutoka kilo 4.2 za zamani alikuwa amefika 3.1 siku alipopimwa damu. Vipande vile ninavyo mpaka leo.

*Pumzi*, akiwa amelala fofofo. Tazama ubavu ukipanda na kushuka, hesabu nusu dakika, zidisha mara mbili. Chini ya 30 kwa dakika ni salama. Ikizidi 30 na kubaki huko, piga simu.

*Uso.* Paka huficha maumivu, hili kila mfugaji anakwambia, lakini uso una mahali pa kusomeka. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walitoa kipimo cha sehemu tano: masikio, macho, mdomo na pua, masharubu, na kichwa. Masikio yamefunguka pembeni na kulegea, macho yamebanwa nusu, mdomo umekazana kama aliyekula ndimu, masharubu yamenyooka mbele badala ya kuanguka, kichwa kimeshuka chini ya mabega. Kila kimoja kipe 0, 1 au 2. Ukifika 4 kati ya 10, anahitaji dawa ya maumivu, nayo iwe ya daktari. Usitegemee ngurumo ya koo. Paka hunguruma akifurahi, na hunguruma akiumwa pia. Kashata alinguruma mpaka siku ya mwisho.

*Siku nzuri na siku mbaya.* Hapa nilitumia chaki ya kukatia nguo. Kila usiku kabla ya kulala, mstari mmoja ukutani: mrefu siku ikiwa nzuri, mfupi ikiwa mbaya. Usifikirie sana, dakika moja. Anayependa hesabu zaidi atumie ile ya Alice Villalobos, daktari wa mifugo wa Marekani aliyeshughulika na saratani za wanyama, ya mwaka 2004. Kuna mambo saba: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya. Kila jambo alama 0 hadi 10, na 10 ndiyo hali nzuri kabisa. Jumla ikizidi 35, kuna sababu ya kuendelea kumtunza. Mimi nilipendelea chaki. Ukuta hauwezi kujidanganya kwa hesabu.

7. Kuuguza kwenyewe

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Paka huulizwa. Ukimlazimisha kwa bomba mdomoni wakati ana kichefuchefu, atakichukia chakula kile hata akipata nafuu. Mpe dawa ya kichefuchefu kwanza, ngoja, kisha chakula cha uvuguvugu, kidogo, kwenye kisahani bapa ambacho masharubu hayagusi kingo. Supu ya changu au kibua isiyo na chumvi, na isiyo na kitunguu wala kitunguu saumu, maana hivyo viwili vinaharibu damu ya paka.

Dripu ya chini ya ngozi inatisha kwa kuitazama tu. Daktari atakupa kiasi chake. Kwa paka wa kawaida huwa mililita 100 hadi 150 kwa mara moja. Chupa itumbukize kwenye maji ya uvuguvugu kwanza. Inua ngozi ya katikati ya mabega iwe kama hema, choma kwenye mlango wa hema, acha maji yateremke. Litatokea nundu kama la ng'ombe, baada ya saa chache linateremka. Mara ya kwanza nilitoboa ngozi nikatokea upande wa pili, maji yote yakaenda kwenye suruali ya mume wangu, ambaye alikuwa ameahidi kushika tu.

Ukiona paka anajificha kila akisikia kabati la dripu linafunguliwa, kiandike hicho pia kwenye daftari.

8. Sindano ya mwisho

Lugha yetu haijapata neno zuri la jambo hili. "Kumlaza" lilinichanganya. "Kumwua" ni kweli lakini linauma. Tumieni neno lolote, mradi wewe na daktari mna maana moja, na msiseme kwenye simu yenye mtandao mbovu.

Swali la dini lilinisumbua, nikaenda kwa shehe wa msikiti wetu. Akaniambia wanazuoni wametofautiana: wapo wanaoruhusu mnyama anapoteseka na hakuna tumaini, wapo wanaoona aachwe mpaka siku yake ifike huku akitunzwa. "Ila kumweka kando bila maji wala chakula, akisubiriwa afe, hilo hakuna aliyeliruhusu," akasema, na akanikumbusha yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia. Wewe muulize wako. Ukichagua kumwacha afe mwenyewe, basi dawa ya maumivu, maji na kumsafisha havikomi. Na kifo cha figo au cha kukosa pumzi si usingizi mtulivu kama watu wanavyodhani. Muulize daktari kitakavyokuwa, akueleze bila kupamba.

Lisilo na mjadala ni kumtia kwenye gunia na kwenda kumwaga sokoni au ufukweni. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza ukatili, lakini hata isingekuwepo.

Mwombe daktari aje nyumbani. Muulize mapema mambo mawili. Je, atampa kwanza sindano ya kumlevya, apotewe na fahamu kabisa, kabla ya ile ya mwisho? Akisema hapana, tafuta mwingine. Na dawa ya mwisho ni ipi? Inayotumika sana ni pentobarbital ya kiwango kikubwa, ambayo huzima ubongo kwanza kisha moyo, kwa dakika chache. Macho yatabaki wazi. Anaweza kuvuta pumzi moja au mbili kubwa baada ya kufa, na mkojo ukatoka. Weka taulo. Nisingeambiwa haya ningepiga yowe.

Sasa nikiri. Wiki ya saba, baiskeli ya samaki ilipita Jumatatu, Jumanne na Jumatano, Kashata asiinue sikio. Meza ya cherehani alishaiacha. Mpaka ulikuwa umefika, karatasi iko kabatini, saini ipo. Nikasema ngoja Ijumaa apimwe uzito. Siku mbili hizo alizikaa chini ya kitanda, kichwa kwenye kona. Ijumaa mizani ilisema 2.4, na Mpemba safari hii hakuandika kitu, alinirudishia kikapu tu. Daktari alikuja saa kumi alasiri. Tulimweka juu ya meza, kwenye satini.

9. Baada yake

Mzike siku ileile, kina cha futi tatu, juu yake weka mawe. Mbali na heshima, kuna sababu ya kidaktari: dawa ile inabaki mwilini, na kunguru au mbwa akifukua na kula anaweza kufa naye. Kama nyumba ni ya kupanga na uwanja ni wa sakafu, zungumza na daktari kabla ya siku yenyewe.

Ikiwa paka alimng'ata au kumparura mtu siku za mwisho, hasa kama tabia yake ilibadilika ghafla, usimzike kabla ya kumwambia daktari. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Hapa hakuna kungoja tuone.

Watoto waambie "amekufa". Usiwaambie "amelala" wala "amesafiri". Binti yangu mdogo aliwahi kuambiwa Kidoti amelala, na kwa mwezi mzima akawa hataki kulala mchana.

Dawa zilizobaki usimpe paka mwingine na usizitupe jalalani. Chupa mbili za dripu ambazo hazijatobolewa nilimrudishia daktari. Moja ilikwenda Pongwe, kwa ndama aliyekuwa akiharisha.